Lord Jim: walioruka ndani ya maji na waliobaki kwenye usukani

Meli moja ya zamani inatoka Asia ya mashariki kuelekea Maka. Ndani yake kuna mahujaji karibu 800: wazee, wanawake, watoto wenye kulala juu ya mikeka, kila mmoja na mzigo wake mdogo pembeni. Mashua za kuokoa watu ziko 7 tu. Usiku mmoja, bahari ikiwa imetulia kabisa, meli inagonga kitu chini ya maji. Sehemu ya mbele inajaa maji, na ukuta wa chuma unaozuia maji yale yasifike fasi nyingine umeliwa na kutu. Kapiteni na mafundi wake wa mashini, wote Wazungu, hawaamshi mtu. Wanashusha mashua moja, wanaingia, wanakwenda zao.

Ndipo inapoanza Lord Jim, riwaya ya bahari ya Joseph Conrad. Ilianza kutoka kipande kwa kipande katika gazeti la Blackwood's Magazine huko Uingereza mwezi wa kumi 1899, kiisha ikachapwa kama kitabu mwaka wa 1900. Mara nyingi inasomwa kama hadithi ya kijana mmoja anayekimbia haya yake kutoka bandari moja mpaka nyingine. Ni kweli, lakini si yote. Kwa msomaji wa Kisangani, Bukavu ao Kalemie, anayejua vizuri maana ya chombo kubeba watu wengi kupita mashua zake, kuna maulizo mengine mawili yenye uzito zaidi: nani alibaki ndani ya meli, na nani alipewa haki ya kuhukumu?

Kijana mwenye ndoto za ushujaa

Jim ni mtoto wa mchungaji wa Uingereza. Aliingia kazi ya bahari juu ya kusoma vitabu vya hadithi, na katika mawazo yake alikuwa amekwisha kuokoa watu mara nyingi kabla ya kukutana na hatari hata moja. Kwenye meli Patna yeye ni msaidizi wa kwanza wa kapiteni. Meli ni ya tajiri Mchina, imekodiwa na Mwarabu, na inaongozwa na Mjerumani kutoka Australia, mnene, mwenye matusi, asiyeheshimu abiria wake hata kidogo.

Jim hasaidii wale wanaoshusha mashua. Anasimama pembeni akiwadharau. Lakini pia hafanyi kitu. Anajiambia kwamba akipiga kelele watu 800 watakanyagana bule, kwa sababu mashua 7 hazitoshi. Hapo Conrad anaweka jambo dogo ambalo msomaji hasahau: hujaji mmoja anamkamata Jim mkono akiomba maji. Jim anaogopa kwamba mtu huyu ataamsha wengine, anamponda na taa usoni. Kumbe yule baba alikuwa anatafutia mtoto wake mgonjwa maji ya kunywa. Mwishowe Jim anampa chupa yake mwenyewe.

Mmoja wa mafundi, jina lake George, anaanguka na kufa kwa moyo pale pale katika haraka ile. Wenzake walioko chini katika mashua hawajui. Wanaita George aruke. Mwenye kuruka ni Jim. Akielezea baadaye, hasemi kwamba aliamua. Anasema kama mtu aliyejikuta yuko chini tayari, ndani ya mashua, akitazama juu meli aliyoiacha.

Na Patna haikuzama. Mashua ya kivita ya Ufaransa ikaikuta ikielea, ikaifunga kamba na kuivuta mpaka Aden. Ofisa mmoja Mfaransa alibaki ndani yake masaa 30, huku askari wa maji wamewekwa na mashoka tayari kukata kamba ikiwa ingezama. Ofisa huyu, alipohadithia habari hiyo miaka mingi nyuma, hakujisifu. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba siku ile alikula bila divai. Conrad hakumpa hata jina. Katika kitabu chote, pengine ndiye Mzungu aliyefanya kazi yake sawasawa bila kuzungumza sana.

Tribinali isiyosikiliza abiria

Uchunguzi unafunguliwa. Kapiteni anatoroka mara moja. Fundi mmoja yuko hospitali, pombe imemfikia kichwani mpaka anaona vyura wakubwa chini ya kitanda. Jim peke yake anakuja kusimama mbele ya watu. Wengi waliosoma riwaya hii wanaona ushujaa wake wa kwanza hapo: kukubali kuulizwa wakati kila mtu, hata rafiki, anamuonyesha mlango wa nyuma.

Mmoja wa wenye kumuhukumu, kapiteni Brierly, mtu wa miaka 32 mwenye sifa na cheo, ndiye anayetaka zaidi Jim akimbie. Anatoa hata rupia 200 za kumsafirisha kwa siri. Si kwa huruma. Kinachomuuma ni kwamba mabaharia wa Asia wanakuja kushuhudia mbele ya watu wote namna Wazungu walivyokimbia. Jina la kazi linachafuka, na kwa Brierly jina la kazi ni karibu jina la rangi ya ngozi. Hata juma moja halijaisha vizuri baada ya hukumu, Brierly naye anaruka baharini kutoka meli yake mwenyewe, akiwa amekwisha kumfungia mbwa wake ndani na kuacha saa yake ya dhahabu pembeni. Conrad haelezi sababu. Lakini ni wazi kwamba kwa kumtazama Jim alikuwa amejiona mwenyewe.

Kiisha wanaitwa wale wawili.

Ni Wamalayo wawili waliokuwa kwenye usukani usiku ule. Hakuna aliyewaambia kitu. Waliona Wazungu wakihangaika na mashua, waliwaona wakishuka, na wao wakabaki wameshika usukani wa meli isiyokuwa na kapiteni. Mmoja, kijana, alipoulizwa alifikiri nini, alijibu kwa njia ya mtafsiri kwamba hakufikiri kitu. Mwingine, mzee aliyetumika baharini maisha yake yote, alisema haikumuingia akilini kwamba Wazungu wangeacha meli kwa kuogopa kufa, na hata sasa hasadiki. Lazima kulikuwa na sababu ya siri. Akaanza kutaja majina ya makapiteni na meli za zamani alizotumikia, moja baada ya nyingine, mpaka wakamnyamazisha.

Sehemu hii inachukua kurasa chache sana. Msomaji mwenye haraka anaipita. Hata hivyo ndiyo inayouma kuliko zote. Mzee yule anawatetea waliomsaliti, kwa sababu kusadiki kwake ni safi kuliko matendo yao. Na hakuna anayemuambia asante. Tribinali inaandika kwamba Jim na kapiteni wananyang'anywa vyeti vyao vya kazi, kesi inakwisha. Kuhusu mahujaji 800 wenyewe, yule baba wa mtoto mgonjwa pamoja nao, hakuna anayeulizwa hata neno.

Meli ya kweli iliitwa Jeddah

Conrad hakuitunga Patna kutoka hewani. Mwezi wa saba 1880 meli ya mvuke Jeddah ilitoka Singapore ikapita Penang, ikibeba mahujaji zaidi ya 900 wanaokwenda Maka. Katika dhoruba mashini yake ya mvuke ilitikisika ikatoka fasi yake, maji yakaanza kuingia. Tarehe 8 mwezi wa nane, karibu na ncha ya Somalia, kapiteni Joseph Lucas Clark aliiacha meli pamoja na bibi yake na maofisa. Meli nyingine iliwaokota ikawafikisha Aden, nao wakatangaza kwamba Jeddah imezama na watu wote. Habari ikapelekwa kwa telegrafu mpaka London. Kesho yake, Jeddah yenyewe ikaingia Aden ikivutwa na meli Antenor, abiria wake wakiwa wazima juu yake.

Tribinali ya Aden ilimsimamisha Clark kazi miaka 3. Watu wengi wakati ule waliona ni adhabu ndogo. Msaidizi wake wa kwanza, Augustine Podmore Williams, naye mtoto wa mchungaji wa Uingereza, alirudi Singapore, mji ambamo kila mtu alijua habari yake, akatumika pale miaka mingi kwa wafanyabiashara wanaouzia meli vyakula na vifaa, mpaka kufa kwake mwaka wa 1916. Ni kazi ile ile Conrad aliyompa Jim kabla ya kumtuma mbali.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya habari na riwaya. Mahujaji wa Patna wamelala. Wale wa Jeddah walikuwa macho. Walikuwa wamekwisha kusaidia kutoa maji mchana na usiku, walijaribu kuwazuia maofisa wasishushe mashua, na walipoachwa waliendelea kutoa maji ili meli isizame. Conrad alihitaji walale ili usiku wa Jim uwe kimya, aonekane peke yake na dhamiri yake. Ni uchaguzi wa mwandikaji hodari. Ni uchaguzi pia uliowanyang'anya abiria wa kweli ushujaa wao, na msomaji ana haki ya kujua hivyo.

Kutoka Kisangani mpaka Patusan

Jina la Conrad si geni Kongo. Alizaliwa mwaka wa 1857 katika jamaa la Wapolandi, huko Berdychiv, leo Ukraine, akiitwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Mwaka wa 1890 alikuja kutumika kwa kampuni ya Wabelgiji. Alifika Boma na Matadi mwezi wa sita, akatembea kwa miguu mpaka Kinshasa, kiisha akapanda mto katika meli Roi des Belges. Mwanzo wa mwezi wa tisa alikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mji ambamo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pamoja na watu wa Tippu Tip. Huyo Tippu Tip, mfalme Leopold wa pili ndiye aliyemfanya gavana pale mwaka wa 1887.

Safari ile ilizaa Heart of Darkness, iliyotoka mwaka wa 1899 katika gazeti lile lile la Blackwood's, miezi michache mbele ya Lord Jim. Mwenye kuhadithia ni mmoja katika vitabu vyote viwili: Marlow, baharia Mwingereza. Na katika vyote viwili kuna mtu mweusi ao wa Asia kwenye usukani. Kwenye mto Kongo ni Mwafrika, anayechomwa mkuki akifa miguuni mwa Marlow. Tofauti ni kwamba Wakongomani wa kitabu cha kwanza karibu hawasemi. Chinua Achebe wa Nigeria aliliinua jambo hilo kwa nguvu katika hotuba yake ya mwaka wa 1975 huko Marekani, akisema kwamba Afrika imefanywa pazia la nyuma tu kwa shida za Wazungu. Katika Lord Jim wasio Wazungu wanapata sauti kidogo zaidi. Na mwishoni, mmoja wao anapata kiti cha muamuzi.

Ni huko Patusan, inchi ya kutungwa ambayo Conrad aliijenga kutokana na mito ya Borneo aliyoijua katika miaka ya 1887 na 1888. Mfanyabiashara Stein, Mjerumani mwenye kukusanya vipepeo, anamtuma Jim kule akiwa na pete ya fedha. Pete ile Stein aliipewa na Doramin, mkubwa wa Wabugi, walipopigana vita pamoja zamani. Naye Stein akamtolea Doramin bastola mbili. Ni agano la urafiki kati ya watu wa damu mbili, na kila mwenye kubeba pete anapokelewa kama ndugu.

Mambo ya kwanza ya Patusan yanafanana na hadithi nyingi za wakati ule: kijana Mzungu anawashinda maadui wa Wabugi, anapanga mizinga juu ya kilima, anamfukuza Sherif Ali, na watu wanamuita Tuan Jim, ni kusema Bwana Jim. Hapo kitabu kinapungua nguvu. Mtu anayetoka mbali akaleta amani peke yake, msomaji wa mashariki ya Kongo amekwisha kumsikia mara nyingi mno. Kinachookoa sehemu hii ni Dain Waris, mtoto wa Doramin, jasiri na mwenye akili kama Jim ao kumpita, na urafiki wao wa kweli.

Kiisha anafika mshenzi mmoja, jina lake Brown, jambazi wa bahari Mwingereza mwenye kujiita muungwana. Anapanda mto na watu wenye njaa kutafuta kunyang'anya. Wabugi wanamzunguka juu ya kilima. Jim anakwenda kuongea naye, kila mmoja upande wake wa kijito. Brown hajui kitu kuhusu Patna, lakini anarusha maneno kama mtu anayetupa mawe gizani: anamuuliza kama naye hana kitu anachokumbuka, kama mtu akitaka kuokoa maisha yake usiku anahesabu wangapi wengine wanakufa. Neno linagonga pale pale. Jim hawezi tena kumhukumu mtu huyu.

Anarudi kwa wakubwa wa Patusan akiomba Brown aachwe aende zake na silaha zake. Wanasita, Doramin zaidi. Ndipo Jim anaweka rehani kitu kimoja tu alicho nacho: ikiwa baya lolote litawafikia watu, atajibu kwa kichwa chake. Wanakubali. Jim anatuma pete ya Stein kwa Dain Waris, aliyekuwa akilinda mto upande wa chini, kama alama ya kwamba awaache wapite.

Brown hapiti tu. Cornelius, Mreno chotara wa Malacca, aliyemchukia Jim tangu mwanzo, anamuonyesha njia nyingine ya maji nyuma ya kambi. Alfajiri wanapiga bunduki juu ya watu wasiotazamia kitu. Dain Waris anaanguka na risasi kwenye paji la uso, pete ile kidoleni mwake.

Hukumu ya Doramin

Jim angeweza kukimbia. Angeweza kupigana, mtumishi wake Tamb' Itam na bibi yake, aliyemuita Jewel, walimuomba hivyo kwa machozi. Alikwenda mwenyewe, mikono mitupu, mpaka uwanja wa Doramin, ambapo maiti ya mtoto ililala chini ya nguo. Mzee, mnene mpaka watu wawili wanamsaidia kusimama, akainuka. Pete iliyokuwa juu ya mapaja yake ikaanguka, ikabingirika mpaka mguu wa Jim. Doramin akainua bastola ya Stein, akampiga kifuani.

Tribinali ya Wazungu ilichunguza cheti: je, ofisa alifanya ao hakufanya wajibu wake. Doramin hachunguzi kitu. Neno lilitolewa mbele ya watu, damu ikamwagika, mwenye neno amekuja. Hakuna mtafsiri, hakuna karatasi. Na Jim, aliyekuwa akitafuta tangu Patna mtu wa kumlipa deni lake, amempata hatimaye katika mzee ambaye Brierly angeona haya kusimama mbele yake kama shahidi.

Je, ni ushujaa? Walimu wa fasihi wanabishana mpaka leo, na Conrad mwenyewe alimfanya Marlow asiwe na jibu. Ukimuuliza Doramin, ni deni lililolipwa, ingawa mtoto harudi. Ukimuuliza Brown, ni mchezo alioushinda: alikufa katika kibanda Bangkok akijisifu juu yake. Ukiwauliza wanainchi wa Patusan, ni Bwana aliyewaambia atawalinda, na Dain Waris amekufa kwa sababu Bwana huyo alimwelewa Mzungu mwenzake kupita alivyowasikiliza wao. Hilo la mwisho kitabu hakilisemi kwa sauti. Lakini halifichiki.

Lord Jim ilitafsiriwa kwa Kifaransa na Philippe Neel mwaka wa 1922, na ndiyo njia rahisi zaidi kwa msomaji wa Kongo. Filamu yake, iliyotengenezwa na Richard Brooks mwaka wa 1965 na Peter O'Toole kama Jim, ina picha nzuri lakini washika usukani hawapati uzito wao.

Jewel alibaki. Jim alikuwa amemuapia kwamba hatamuacha kamwe, tofauti na Wazungu wengine waliopita, tofauti na yule aliyemuacha mama yake. Marlow alimkuta baadaye nyumbani kwa Stein, kati ya makabati ya vipepeo, amevaa nyeupe, mkavu kama jiwe. Stein alijaribu kumuambia kwamba Jim hakuwa msaliti, kwamba alikuwa mtu wa kweli. Jewel alikataa. Kwake yeye Jim alikuwa ameruka tena.